Mkanda wa Mabibo

"Mzee, unachotaka kupitisha ni kitu gani hasa?" Marijani aliuliza, macho yake bado yako kwenye simu.

Venance alikuwa akilingoja swali hilo. Alivaa shati lake la kazini, lile la kiwandani alikokuwa mtunza stoo kabla hawajapunguza watu, na mkewe Recho alilipiga pasi asubuhi hiyo mpaka kola ikasimama. Akafungua hotpoti juu ya meza. Ndani mlikuwa na mabibo mabichi, matunda ya mkorosho, yaliyokatwa vipande vya duara, mengine mekundu, mengine ya manjano, yanachuruzika maji. Harufu ikajaa duka zima, na nyie mnaoijua harufu ya bibo mnajua kwamba haibishi hodi.

"Ala! Mabibo!" akadakia mteja mmoja aliyekuja kununua wavu wa banda la kuku. "Mzee, gongo siku hizi inapikwa kwa mashine?"

Watu wakacheka. Venance naye akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidole na hataki ijulikane.

"Nakausha," alisema. "Ya kula. Kwetu Masasi tunaita kochoko. Hapa mjini tutayatia kwenye pakiti, watu watafune kama wanavyotafuna ubuyu."

Marijani akaweka simu chini. Hakuwa kijana mbaya. Duka lake lilikuwa mtaa wa Gerezani, kuta zote zimetundikwa vipande vya mikanda ya waya, ile ya kupitishia vitu kwenye mashine za viwandani: mingine imesukwa karibu karibu kama chujio la chai, mingine matundu yake mapana kabisa. Venance alikuwa ametoka Pugu kuja kuchagua mmoja. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kaushio, sanduku refu la bati linalopulizwa hewa ya moto ndani, lenye magurudumu ya kuzungusha mkanda huku na huku. Alilinunua likiwa limetumika, na mkanda wake wa zamani ulikuwa umeliwa na kutu mpaka ukishikwa unabaki mkononi.

Mafao yake yote yalikuwa kwenye sanduku lile, na yaliyobaki yalikuwa mfukoni, kwa ajili ya mkanda. Pale Kinondoni alikuwepo dada mmoja mwenye duka la vyakula vya kukausha, Yasmini, aliyekubali kuchukua mzigo wao msimu huu, mradi aje kwanza aone mashine ikifanya kazi. Mabibo yenyewe hayangoji mtu. Yakianguka leo, kesho kutwa ni chakula cha nzi. Kwa hiyo mkanda ukikosewa, msimu umekwenda, na Venance amerudi kukaa barazani na redio. Hilo la kukaa barazani ndilo lililomtisha kuliko yote.

Marijani akaanza na mkanda wa bei nafuu, waya uliopakwa zinki, unametameta. "Huu unachukuliwa sana," alisema.

Venance akachukua kipande cha bibo akakikamua juu yake. "Kijana wangu, maji haya yakidondokea kanga, kanga hiyo inakuwa ya kudekia. Yataila zinki hii, halafu watu waje waile kwenye pakiti zangu. Nionyeshe chuma cha pua."

"Hapo umesema kweli, mzee," Marijani alikiri, na mteja wa wavu wa kuku akanyamaza. Recho, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, alijisikia raha mpaka akatazama chini. Tangu mumewe apunguzwe kazini hakuwahi kumsikia akisema neno kwa sauti ile.

Chuma cha pua kina bei. Na mkanda ukisukwa karibu karibu bei inapanda tena, maana waya ni mwingi. Wenye matundu mapana ndio uliokuwa ndani ya uwezo wao. Venance akauteremsha, akautandaza mezani, akapanga vipande vyake vya mabibo juu, akautikisa. Hakuna kilichopita. Akautikisa tena kwa nguvu.

"Unaona? Vinakaa. Na hewa ya moto itapita vizuri."

"Kipande kama hicho hakipiti," alisema Marijani.

Recho alikuwa na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba mna pakiti ya kochoko alizokausha mwenyewe juani, zawadi ya kumpa Marijani. Vidole vyake vilikuwa vikizipapasa kupitia plastiki bila yeye kujua. Kipande kilichokuwa kipana kama kiganja cha mtoto kilipokatwa kilikuwa kimenywea, kimejikunja, kimebaki kama kifungo cha koti. Akatazama matundu ya mkanda ule. Kidole gumba kingeingia na kutoka. Kifungo nacho kingepita.

Mtu atasema, si angesema? Si ana mdomo? Mngojeeni kwanza. Recho aliolewa kwenye nyumba ya bibi Eufrazia, mama yake Venance, na siku aliyoingia mama huyo alimketisha kwenye mkeka akamwambia, "Mwanangu, mbele za watu mume hasahihishwi. Neno lako libebe, ulitue nyumbani." Na Recho alibeba. Alibeba harusini, alibeba msibani, alibeba kwenye vikao vya jumuiya Venance alipokosea mpaka jina la mgeni rasmi. Wakifika chumbani alikuwa akilitua neno polepole, na Venance alikuwa akilipokea. Mambo yao yalikwenda hivyo miaka yote na yalikwenda vizuri. Msidharau.

"Baba Clara," aliita kwa sauti ya chini. "Njoo mara moja hapo nje."

"Kuna nini?"

"Neno dogo tu."

"Mzee, nenda, kamati ya fedha inakuita!" akasema yule wa kuku, na duka zima likaangua kicheko, hata Marijani.

Venance akageuka kumtazama mkewe. Hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Macho yake yalikuwa yanaomba. "Mama Clara, subiri kidogo," alisema. "Ndo tunamaliza hapa."

Recho akayaona macho yale. "Haya," akajibu. "Nilitaka maji tu."

Msumeno wa umeme ukalia, mkanda ukakatwa kwa kipimo cha kaushio lao, na kitu kilichokatwa kwa kipimo chako hakirudishwi dukani. Recho akaisukuma ile pakiti chini kabisa ya mkoba.

*

Alipanga kusema njiani, lakini ndani ya kirikuu kilichobeba mkanda walikaa na dereva. Alipanga kusema wakifika, lakini walipofika Venance aliuviringua mkanda wote uani, ukalala kwenye jua unawaka, akamwita mama yake aje aone.

Bibi Eufrazia alitoka barazani pole pole. Alikuwa mama mnene zamani, wa kutembea kwa kishindo. Malaria ya mwaka huo ilikuwa imemmaliza, na sasa gauni lilikuwa linamtembea mwilini. Akainama akaugusa mkanda kwa vidole viwili.

"Hongera, baba," alisema. "Unapendeza."

"Wangenipiga na ule wa zinki, mama! Nikamwambia yule kijana, mie mtu wa Masasi, bibo unanifundisha?" Venance alisimulia habari ile ya zinki mara tatu, na kila mara Marijani alikuwa mjinga zaidi. Yule wa kuku hakumtaja kabisa. Akala ugali mpaka akaongeza, jambo ambalo lilikuwa limeshasahaulika nyumba ile.

Baadaye Recho akamfuata chumbani alikokwenda kubadili shati. Hapo ndipo mahali pa kulitua neno, palepale alipofundishwa.

"Baba Clara, ule mkanda..."

"Mzuri, eeh?" Venance alikuwa akilikunja shati la kazini taratibu, kama linavyokunjwa la kanisani. Akakaa kitandani. "Mama Clara, nikwambie kitu? Leo nimejiona mtu."

Recho akatafuta pa kushika. Akaliona shati, akalichukua mikononi mwake akalikunja upya, ingawa lilikuwa limekunjwa sawasawa.

"Mzuri," alisema. Na kosa la pili likafanyika hapo, na hili halikuwa la bibi Eufrazia.

*

Siku ya kuliwasha kaushio walikuja majirani. Pugu watu hawaalikwi kwenye mambo kama hayo, wanasikia mlio wa injini wanakuja. Mabibo yalikuwa yameletwa asubuhi kutoka Kimbiji, matenga kwa matenga, maana wenye mikorosho kule wanachuma korosho na bibo lenyewe wanaliacha lioze. Recho na majirani wawili walikata mpaka viganja vikawa vyeusi. Venance akavipanga vipande kwenye mkanda kwa mstari, vikaingia ndani ya sanduku vimetulia, na watu wakapiga vigelegele.

Kisha wote wakahamia upande wa pili, kwenye mdomo wa kutokea. Recho alishika ungo. Hakuwa amepiga kigelegele.

Mkanda ukatoka. Ukatoka mtupu. Ukaendelea kutoka mtupu, unang'aa, msafi kabisa, kama haukuwahi kubeba kitu.

"Bado," alisema Venance. "Vinakuja."

Wakangoja. Kipande kimoja kikatokeza, kimejikunja, kimening'inia kwenye waya kwa ncha. Kikafika mwisho, kikadondoka tunduni kabla Recho hajakifikishia ungo. Halafu ikaja harufu ya sukari inayoungua, na moshi mweupe ukaanza kutoka chini ya sanduku, kwenye bati la moto, ambako mabibo yote yalikuwa yamelala yanageuka mkaa.

"Zima! Baba Clara, zima!"

Alizima. Majirani wakasema pole. Wengine walisema pole wakiwa tayari wanaelekea njiani, na mmoja, si kwa ubaya, akauliza kama yale yaliyobaki kwenye matenga angeweza kuyapata, kuna mtu anayajua matumizi yake. Venance akamwambia achukue. Alikuwa amesimama na kipande kimoja kikavu kiganjani, anakisukuma na kidole kwenye tundu la mkanda, kinapita, anakiokota, anakisukuma tena.

"Yananywea," alisema, anajisemea mwenyewe. "Bibo linanywea. Nimezaliwa kwenye mabibo. Nikapima bichi!"

Recho alitaka kumgusa bega. Mkono ukasimama hewani.

Venance akamtazama. Watu wawili wakishakaa pamoja muda mrefu hawahitaji kuulizana sana. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu dukani. Nilikuita nje."

"Ulisema unataka maji."

"Ningesemaje? Wale watu walikuwa wanakucheka! Ungetaka nikwambie umekosea mbele ya yule mtu wa kuku, na mie ndo namwona mume wangu kapata sauti yake?"

"Na hapa nyumbani?"

Recho akautazama ungo mtupu.

"Mama Clara," alisema Venance, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote. "Ningekuwa nazama baharini, ungengoja watu waondoke ufukweni ndo uniite?"

Neno hilo lilimchoma Recho mpaka akakaa chini, palepale vumbini. Venance naye alijuta mara lilipomtoka, lakini hakujua namna ya kulirudisha. Wakabaki hivyo, mmoja amekaa, mmoja amesimama, mpaka waliposikia fimbo ikigonga sakafu ya baraza.

"Usimsute huyo mtoto," alisema bibi Eufrazia. Alikuwa amesikia yote. "Mie ndo niliyemfunza. Nilimwambia afunge mdomo mbele za watu. Sikumwambia kama kuna siku ya kuufungua." Akapumzika kidogo. "Wala mie sikuambiwa. Marehemu baba yako aliuza shamba la Chiwata kwa bei ya kutupa, nami nimesimama pembeni na kanga mdomoni, nangoja tufike nyumbani. Tulipofika nyumbani shamba likawa la watu."

Venance hakuwahi kuisikia habari hiyo. Alijua tu kwamba shamba liliuzwa. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama mkewe, akaona haya asiyojua ni ya nani hasa.

*

Asubuhi yake Yasmini alipiga simu kwamba anakuja Jumamosi. Venance akajibu, "Karibu sana," akakata, akaiweka simu kifudifudi mezani.

Walikuwa wanataka kunywa chai. Recho alikuwa ameinama na jagi, anamnawisha bibi Eufrazia mikono. Nyumba nzima ilikuwa haizungumzi tangu jana. Maji yakamwagika juu ya vidole vya bibi, vimekonda, ngozi imelegea, na Venance akaiona pete ya ndoa ya mama yake. Ilikuwa imezungushiwa uzi upande wa ndani, uzi mwekundu, mizunguko mingi imekazwa vizuri.

"Mama, pete imefanywaje?"

"Si ilikuwa inanianguka? Ilianguka mpaka kwenye unga. Mkeo akaizungushia uzi." Bibi akainua mkono, akautikisa. Pete haikutoka. "Nilimwambia anipeleke kwa sonara wa Mwananyamala aipunguze. Akasema ya nini kuikata pete ya watu, mama? Ikijazwa uzi inatosha."

Venance akaendelea kuitazama. Chai ikapoa. Akanyanyuka, akatoka nje mbio mbio bila viatu, wakamsikia akiburuta ule mkanda uani.

"Mama Clara!" aliita. "Recho! Njoo mara moja!"

Alimkuta amepiga magoti. Mkanda ule ulisukwa kwa nyaya zilizopindwa kama springi, kila moja imezungushwa ndani ya mwenzake kutoka ubavu huu mpaka ubavu ule. Venance alikuwa amechukua kipande cha waya, amekipinda kwa koleo, anajaribu kukipenyeza katikati.

"Tukiujaza," alisema. "Tusiukate, tusiutupe. Kila kwenye tundu tupitishe springi nyingine katikati. Tundu si litapungua nusu?"

Recho akachuchumaa. Alitazama kwa muda. Ulimi wake ulikuwa na neno, naye Venance akaliona.

"Sema," alimwambia. "Usingoje. Sema sasa hivi."

"Nusu haitoshi," alisema Recho. Akaingia ndani, akarudi na mkoba, akatoa pakiti ya kochoko, ile ile, imekunjamana. Akamwaga vipande kwenye mkanda, juu ya kile kipande cha waya. Vikubwa vikakaa. Vidogo viwili vikapenya. "Nusu, na hivi vya pembeni tusivikate vidogo. Mie ndo navikata vidogo. Nikate vinene, vinywee kidogo."

Venance akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini ndicho cha kwanza tangu jana. Kisha akasema, "Nisamehe lile la bahari," na Recho akasema, "Lile la bahari ulisema kweli," na wote wawili wakafuta macho kwa migongo ya mikono, maana viganja vilikuwa vyeusi kwa mabibo.

*

Marijani aliwaona wanaingia akadhani wamekuja kudai. Akaanza kujitetea mapema. "Mzee, shikamoo, lakini vilivyokatwa..."

"Marahaba. Sijaja kurudisha," alisema Venance. Duka lilikuwa na watu. Alikohoa, akalishika shati lake kifuani. "Nimekuja kukwambia nilikosea. Nilipima bibo bichi na linalotoka ni kavu. Mke wangu aliliona hapa hapa, akaniita, nami sikutoka."

Watu walitegemea kucheka, lakini mtu akijisema mwenyewe kunakuwa hakuna cha kucheka. Marijani akajikuna kichwa. "Hata mie, mzee. Niliuliza kinachoingia. Cha kutoka sikuuliza, na ndo kazi yangu." Akatazama kochoko Recho alizozitandaza mezani, akatafuna moja, akaongeza ya pili. "Kumbe tamu!"

Nyaya za springi za chuma cha pua alikuwa nazo nyuma, mabaki ya mikanda iliyokatwa, akawauzia kwa kilo kama chuma chakavu. Redio ya Venance, ile ya barazani, ndiyo iliyolipa. Jirani alikuwa akiitamani siku nyingi. Fundi wa kukaa kuzipenyeza moja moja Marijani hakuwa naye. "Hiyo kazi ya wawili, mzee," alisema. "Mmoja azungushe huku, mwenzake aipokee ncha kule, aielekeze. Akikosea mmoja, springi inapita siko."

Basi wakakaa uani, Venance ubavu huu wa mkanda, Recho ubavu ule. Yeye anazungusha, mkewe anaipokea ncha. Mwanzoni kazi ilikwenda kimya, na springi zikapita siko.

"Umeruka," alisema Recho siku hiyo ya kwanza, kwa sauti ya chini, maana kulikuwa na watu wanapita njiani.

"Umesemaje?"

"Umeruka tundu. Rudisha."

Venance akatazama njiani, akaona jirani amesimama na ndoo anawatazama. Masikio yakamwaka moto. Akarudisha springi, akaanza upya.

"Umeruka tena, baba Clara."

"Nimeruka wapi?"

"Hapo. Macho yako yako kwa mama mwenye ndoo."

Jirani akacheka, akaenda zake. Venance akangoja aone kama kuna kitu kimempungua mwilini. Hakikupungua. Kufikia jioni ya Alhamisi Recho alikuwa akimwambia "umeruka" kwa sauti inayosikika mpaka kwa muuza mkaa, naye anajibu "haya, mwalimu," na bibi Eufrazia barazani anawahesabia wanaporuka wote wawili. Vidole viliwavimba. Springi zikichoma, mmoja anamfunga mwenzake kitambaa, kisha wanarudi kila mtu ubavuni kwake.

Ijumaa, jua likiwa bado liko juu, springi ya mwisho ikapita. Venance akauinua mkanda akautazama dhidi ya mwanga, na uso wa Recho upande wa pili ukaonekana kwenye vitundu vidogo vidogo. Wakatazamana hivyo, bila sababu.

*

Yasmini alikuja Jumamosi na bajaji, dada mwembamba mwenye miwani na mtandio wa bluu, akamwamkia bibi Eufrazia kwanza. Majirani walikuja tena. Walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, na msiniulize kwa nini.

Kaushio likawashwa. Vipande vikaingia, vinene safari hii, na hakuna aliyepiga kigelegele. Watu wakahamia mdomo wa kutokea. Recho alishika ungo, ameukinga tayari. Venance alisimama karibu yake mpaka mabega yakagusana.

Mkanda ukatoka mtupu. Recho akafumba macho.

"Fumbua," alisema Venance.

Vilikuja vimepangana kwenye mstari wao, vyekundu vya damu ya mzee na vya rangi ya asali, vimejikunja, vimekaa. Vikafika mwisho, vikaanguka kwenye ungo kimoja kimoja na mlio mkavu. Bibi Eufrazia ndiye aliyevunja ukimya kwa kigelegele chembamba cha kizee, na majirani wakakidaka.

Yasmini aliokota kimoja, akakigeuza. Chini kilikuwa na alama za nyaya, mistari midogo iliyopishana. Akakila. Akainama kuutazama mkanda kwa karibu, akapitisha kidole juu yake.

"Huu mkanda umesukwa mara mbili," alisema. "Nimeona mashine kadhaa, sijaona uliosukwa hivi. Nani aliuchagua?"

Recho alilisikia swali, na jibu likamtoka lenyewe, jibu alilolizoea maisha yake yote.

"Ni baba Clara," alisema. "Yeye ndiye aliyechagua."

"Umekosea, mama Clara," alisema Venance.

Alilisema kwa sauti, mbele ya mgeni, mbele ya jirani mwenye ndoo, mbele ya mama yake. Halafu akamchukulia ungo mkononi, ili awe na mikono mitupu ya kuzungumzia. "Waambie ilivyokuwa."

Recho akamtazama bibi Eufrazia. Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kipande cha kochoko shavuni, mkono wenye pete ya uzi mwekundu umekaa juu ya fimbo. Akamwinulia kidevu. Sema.

"Kwanza," alianza Recho kwa sauti ya chini, akaanza tena kwa nguvu zaidi, "kwanza kabisa, alipima mabibo mabichi."

Watu wakacheka, na Venance akacheka kuliko wote, ungo umemkaa kifuani, kochoko zinaruka ruka. Recho akaendelea. Akaeleza la dukani, na la mtu wa kuku, na la maji ambayo hakuyataka, na la chumbani ambalo lilikuwa kosa lake mwenyewe, moja baada ya jingine, wageni wote wamesimama wanasikiliza, na hakuna alilobakiza.